Kumuaga Mwenzetu Anayestaafu: Tuandike Nini Katika Kadi?

Leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo huonekana dogo, lakini huwashinda watu wengi maofisini, shuleni na hospitalini mwetu. Bahasha ya kaki inapitishwa kutoka meza hata meza. Ndani yake mna kadi kubwa yenye picha ya maua, pamoja na karatasi ya majina ya waliotoa mchango. Mzee wetu anastaafu siku ya Ijumaa. Bahasha inakufikia, unaifungua kadi, unashika kalamu, na hapo mkono unasimama. Unatazama waliokutangulia wameandika nini. Wa kwanza ameandika, "Kila la heri." Wa pili, "Mungu akubariki." Wa tatu ameyaunganisha, "Kila la heri na Mungu akubariki." Basi wewe nawe unaandika, "Maisha mema," unatia sahihi, unamsukumia jirani yako bahasha, na kazi inaendelea.

Maneno hayo si mabaya. Shida yake ni kwamba yangeweza kuandikiwa mtu yeyote: bibi arusi, mwanafunzi aendaye ng'ambo, au karani aliyeajiriwa mwezi uliopita na sasa anahamia Kisumu. Hayamjui mzee. Nami leo ninalo neno moja tu kuhusu kadi hii, na mengine yote yatatoka ndani yake: andika jambo moja ambalo ulimwona akilifanya kwa macho yako mwenyewe.

Kwanza tumtazame huyu anayeondoka. Neno kustaafu tulilipata kutoka Kiarabu, na katika asili yake lina maana ya kuomba kuachiliwa kazi. Siku hizi wengi hawaombi; tarehe ndiyo inayowaita. Hapa Kenya mtumishi wa umma hustaafu akitimiza miaka 60. Kabla ya mwaka 2009 ilikuwa miaka 55. Tuseme basi mwalimu alianza kazi akiwa na miaka 24. Amefundisha miaka 36. Katika miaka hiyo, zile saa ambazo mtu yu macho na ana nguvu, amewapa wenzake wa kazini nyingi kuliko alizowapa watoto wake mwenyewe. Nanyi wenzake mnajua mambo yake ambayo mkewe hayajui. Mnajua jinsi anavyonyamaza akikasirika. Mnajua ni nani aliyemlipia karo mtoto wa tarishi bila kutangaza.

Fikirini habari za nyumbani kwake. Watu wa nyumbani walimwona akitoka alfajiri na kurudi jioni amechoka. Alichokifanya katikati hawakukiona. Ofisi nayo itampa barua. Barua hizo nimeonyeshwa mara nyingi, na zote hufanana: nambari yake ya kazi juu, tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuondoka, habari za pensheni na za kurudisha mali ya ofisi, na mwishoni mstari mmoja wa kumshukuru kwa utumishi wake. Silaumu, barua ya ofisi haina budi kuwa hivyo. Lakini ukiiondoa barua hiyo, ni karatasi gani nyingine itakayoshuhudia kwamba mtu huyu alikuwapo? Ni kadi hiyo iliyo mezani pako.

Ijumaa kutakuwa na soda, na keki, na hotuba. Jumatatu ataamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea ya miaka 36. Ataanza kuvaa viatu, halafu atakumbuka. Simu yake iliyokuwa ikilia mchana kutwa imenyamaza, na katika kundi la simu la wafanyakazi jina lake limekwisha kuondolewa. Wako wanaoipokea siku hiyo kwa furaha, kwa maana wana shamba lao na ng'ombe wao wanaowangoja. Lakini wako wengine, hata watu wenye heshima kubwa, ambao hukaa barazani wakijiuliza kama miaka yote ile ilimfaa mtu yeyote. Swali hilo "kila la heri" haiwezi kulijibu.

Katika kuzuru nyumba za Wakristo nimeonyeshwa kadi hizi zaidi ya mara moja. Huwekwa ndani ya Biblia, au katika bahasha moja na hati ya shamba na kadi ya kliniki. Mama mmoja aliyekuwa muuguzi alinifungulia ya kwake. Majina yalikuwa mengi, hata mengine yamepanda juu ya mengine. Akayapita yote kwa kidole, akasimama penye mstari mmoja ulioandikwa kwa penseli pembeni kabisa. Aliyeuandika alikuwa mfagiaji wa wadi. Alikuwa ameandika tu kwamba Sister alimwambia asante kila alipomaliza kupiga deki. Yule mama akaniambia, "Sikujua kwamba alikuwa akisikia." Hakuniambia lolote juu ya yale mengine.

Tena tunayo desturi moja hapa kwetu ambayo inanisumbua. Mtu akifa, tunajua sana kusema. Tunachapisha kitabu chenye picha yake, tunasoma historia yake tangu kuzaliwa, wenzake wa kazini wanasimama mmoja mmoja karibu na jeneza na kueleza jinsi alivyowafundisha, jinsi alivyowatetea mbele ya mkubwa, jinsi alivyogawa chakula chake. Nami nikiwa nimesimama pale na kitabu cha sala mkononi, hujiuliza kama marehemu aliyasikia hayo hata siku moja. Mara nyingi jamaa wa nyumbani huangaliana. Ndiyo mara yao ya kwanza kuyasikia. Basi kadi ya kuagana ni nafasi ya kuyasema hayo hayo miaka 20 mapema, mwenyewe akiwa na masikio ya kusikia na miwani ya kusomea.

Labda utasema, "Mchungaji, mimi si mwandishi." Hapa hatuhitaji mwandishi. Chukua Biblia, ufungue Waraka kwa Warumi, sura ya 16. Watu wengi huiruka sura hiyo kwa sababu ni majina matupu, na wasomaji wetu kanisani huwa na hofu ya kuyatamka. Ni kweli kwamba Paulo hakuwa akimuaga mtu anayestaafu. Alikuwa akimaliza barua na kuwasalimu watu wa Roma, mji ambao alikuwa hajaufikia bado. Lakini tazama namna anavyosalimu. Anataja zaidi ya watu 20, na kwa wengi wao anaongeza jambo lao wenyewe. Kuhusu Fibi wa Kenkrea anasema kwamba amesaidia watu wengi, na Paulo mwenyewe yumo. Kuhusu Priska na Akila, kwamba walihatarisha maisha yao kwa ajili yake. Epaineto alikuwa wa kwanza kuamini katika Asia. Mama yake Rufo alikuwa kama mama kwa Paulo pia. Nalo jambo hilo nadhani yule mama hakulitazamia kusomwa mbele ya kanisa. Kila mmoja anapata neno fupi, mstari mmoja au nusu mstari, na huwezi kulichukua neno la Fibi ukampa Epaineto. Hicho ndicho kipimo. Ukimaliza kuandika katika kadi, jiulize: je, mstari huu naweza kumpa mtu mwingine anayestaafu mwezi ujao? Ikiwa waweza, bado hujaandika.

Tuchukue mifano, maana bila mifano nitakuwa nimewaacha njiani.

Dereva wa ofisi anastaafu. Usimwandikie kwamba alikuwa dereva hodari. Mwandikie hivi: "Mzee, ile siku mto ulipofurika, wote tulikuwa tukikuhimiza uvuke. Wewe ulizima gari, ukashuka, ukapima maji kwa fimbo, ukakataa. Tulilala garini tukinung'unika. Leo watoto wangu wana baba."

Mwalimu mkuu anastaafu, nawe ulianza kazi chini yake: "Mwalimu, mwaka wangu wa kwanza uliingia darasani ukakaa nyuma kwenye dawati la watoto. Nilikosea hesabu ubaoni. Ulingoja mpaka kengele ikalia, ukaniambia tukiwa wawili tu. Mpaka leo hivyo ndivyo ninavyowasahihisha walimu wadogo."

Karani wa masjala: "Bwana, ulinifundisha kutia tarehe kwenye kila karatasi kabla ya kuandika neno lingine. Niliona ni usumbufu. Sijapoteza faili tangu siku hiyo."

Na yule askari wa langoni, ambaye mara nyingi kadi yake haina hata majina kumi, kwa sababu wakubwa hawakumbuki kwamba naye hustaafu: "Miaka tisa umenifungulia lango, na siku niliporudi kutoka kumzika mama yangu hukuuliza neno. Ulisimama tu, ukavua kofia."

Mnaona kwamba mistari hiyo haina sifa ndani yake. Hakuna "hodari," hakuna "mwaminifu," hakuna "mchapa kazi." Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukitaka kumheshimu fundi, eleza namna ulivyomwona akiunda; sifa msomaji ataziongeza mwenyewe. Mtu akisifiwa kwamba ni mwema anaweza kufikiri ni adabu ya kuagana. Akiambiwa siku na mahali na alichofanya, hawezi kukana.

Sasa tuje kwenye magumu, maana najua mnayo.

La kwanza ni mkubwa aliyekutesa. Anastaafu, kadi inazunguka, na wewe bado unakumbuka jinsi alivyokutukana mbele ya wageni. Je, uandike uongo? Hasha. Kadi si mahali pa kulipiza kisasi, kwa kuwa itasomwa na mkewe na watoto wake. Lakini pia si mahali pa kusema uongo kwa kalamu. Tafuta jambo moja la kweli, hata likiwa dogo. Karibu kila mtu analo. "Kwa miaka yote hukuchelewa hata siku moja, nami nimejifunza kutunza saa. Nakutakia afya na pumziko." Ni kweli, ni fupi, na hakuna aliyeumizwa. Kama umetafuta kwa moyo mweupe na hukuona kitu, andika jina lako na heri ya kawaida, uende zako. Jambo lenu lingine, kama linafaa kusemwa, lizungumzeni ninyi wawili, mlango ukiwa umefungwa.

La pili ni yule anayeondoka kabla ya wakati wake. Wengine hutolewa kwa ugonjwa. Wengine kiwanda kimepunguza watu. Kadi za dukani zimechapishwa maneno ya kufurahia mapumziko, nayo kwa mtu kama huyo ni kama chumvi kwenye kidonda. Nunua kadi isiyo na maneno. Usimwambie kwamba sasa atapumzika. Mwambie kitakachopungua pale kazini asipokuwapo: ni nani sasa atakayejua mashine ile inaposhikwa na kikohozi, ni nani atakayemfundisha kijana mpya.

La tatu, wewe humjui. Umefika idara hiyo majuzi. Usijifanye. "Tumefanya kazi pamoja miezi miwili tu, lakini siku yangu ya kwanza wewe ndiwe uliyenionyesha mahali pa chai." Miezi miwili yatosha kuona kitu.

Yako pia mambo ya kuacha. Mizaha ya uzee iache, hata kama mwenyewe hucheka; atakayeisoma miaka kumi baadaye si yule anayecheka leo. Usimtaje atakayechukua nafasi yake. Usiandike habari ya fedha, wala usiombe kitu, kama wale wanaoandika "usitusahau na mahindi ya shambani." Tena usitoe ahadi. Karibu kila kadi niliyoiona ina watu watano au sita walioandika kwamba watamtembelea. Mzee huyasoma maneno hayo na kuyaamini. Hupanga viti barazani. Mimi nimekaa kwenye viti hivyo. Paulo alipowaaga wazee wa Efeso pale Mileto aliwaambia wazi kwamba hawatamwona uso tena, nao wakalia. Lakini hakuwaacha wakitazama njia bure. Ukiwa kweli utakwenda, andika siku: Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza, tena mwulize mkewe kama watakuwapo. Ukiwa huna hakika, andika kwaheri tu. Watu wa pwani husema kwaheri ya kuonana, nalo ni neno zuri, maana ni tumaini na si ahadi.

Neno moja juu ya mafungu ya Biblia, nisije nikaonekana kuyakataza. Siyakatazi. Lakini wengi wetu huandika nambari ya fungu kwa sababu hatuna la kusema, na tunamwachia nabii kazi yetu. Fungu linalopendwa kuliko yote ni Yeremia 29:11. Ni fungu la faraja kweli. Ila msome fungu linalolitangulia, la 10, muone kwamba watu wale wa uhamishoni Babeli waliambiwa kwanza miaka 70 itimie. Kumwambia hivyo mtu wa miaka 60 ni kumpa safari ndefu! Ukitaka kuandika fungu, andika kwanza jambo lako juu yake, kisha fungu linalolingana nalo, na uwe umelisoma.

Wengine huuliza kama ni vema kuandika, "Sasa kazi umemaliza, kaa upumzike." Mimi sipendi sana maneno hayo. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, Walawi waliambiwa waache utumishi mzito wakifika miaka 50. Huko ndiko kustaafu ninakokuona wazi katika Maandiko. Lakini hawakufukuzwa hemani. Waliachiwa kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi. Basi kama kuna jambo ambalo kweli utataka kumwuliza mzee baada ya kuondoka, liandike. "Nikikwama kwenye hesabu za mwisho wa mwaka, ni wewe nitakayekupigia simu." Halafu umpigie.

Sasa mambo ya mkono. Atakayesimamia kadi aitoe mapema, wiki mbili kabla, si Alhamisi jioni. Watu wakiharakishwa huandika "kila la heri." Ipitishwe pia jikoni, na kwa wafagiaji, na kwa askari wa usiku ambaye huja wakati ofisi zimefungwa, aachiwe langoni. Kama yuko asiyejua kuandika, au anayeona haya kwa mwandiko wake, akae na mwenzake, aseme, na mwenzake aandike vile vile alivyosema, kisha jina lake liwe chini. Hata ule waraka kwa Warumi Paulo hakuuandika kwa mkono wake; aliyeshika kalamu aliitwa Tertio, naye alijitaja mwishoni na kusalimu.

Andika kwanza kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu katika kadi hakuna pa kufuta. Tumia lugha ambayo mzee atamsomea mkewe bila kutafsiri. Ikiwa ni Kiswahili, andika Kiswahili. Ikiwa mlizungumza lugha ya nyumbani miaka yote, usigeuke Mwingereza siku ya mwisho. Mwite vile ulivyokuwa ukimwita: Mwalimu, Mzee, Mama Fulani. Herufi ziwe kubwa kidogo. Mistari mitatu yatosha, minne ikizidi.

Na chini usitie ile sahihi ya benki ambayo hakuna awezaye kuisoma. Baada ya miaka michache mzee ataishika kadi karibu na dirisha, aulize, "Huyu ni nani?" na asiwepo wa kumjibu. Andika jina lako lote, na mahali mlipokuwa pamoja: masjala, wadi ya watoto, darasa la nne. Kisha mpe jirani yako bahasha, na kama kalamu yake imeisha wino, mwachie yako.